Mwalimu wa Neno Moja

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akiingia darasani bila salamu. Anasimama mbele, anaweka chaki mezani, anainua mkono wake wa kulia juu kama mtu anayesimamisha basi, kisha anauliza, "Hiki ni nini?" Aliuliza kwa Kiswahili. Sisi wa kidato cha tatu, tuliojiona tumeshamaliza kuyajua mambo yote, tulijibu kwa sauti moja: "Hand!" Naye anashusha mkono, anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, anasema, "Hamjui." Muhula ulikwisha tukiwa bado hatujui.

Nitamwita Mwalimu, basi. Jina analo, na watu wengi wa Morogoro wa umri wangu watamtambua kabla hawajafika nusu ya maneno haya. Ila mimi sina tena haki ya kuliandika jina lake. Mara ya mwisho nilipoliandika kwa ukamilifu wake, la kwanza, la baba na la ukoo, nilimmaliza mtu. Hilo nitalisimulia, maana ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Lakini nikilianza sasa mtanichukia kabla hamjamjua yeye, na yeye anastahili kujulikana.

Walimu wengine hufundisha lugha. Yeye alifundisha neno. Alikuwa na imani, na hakuna mkaguzi aliyewahi kumtoa katika imani hiyo, kwamba mtu akilijua neno moja la Kiingereza mpaka kwenye mizizi hataliogopa jingine lolote. Maneno yake yote yalikuwa ya mwili, kwa sababu, alisema, mwili kila mtu anao, hata asiye na daftari. Waliotutangulia walipewa kichwa. Waliotufuata walipewa mguu. Nasikia kuna darasa moja la zamani lilipewa pua, likakosa adabu mwaka mzima. Lakini neno alilolipenda, alilolirudia kila alipopata nafasi, ni hilo letu, "hand".

Kabla hatujagusa Kiingereza alitaka kwanza tulete vya kwetu. "Huwezi kwenda ugenini bila kitu," alisema. Basi tukaleta. Mkono wa birika, yule mchoyo. Mkono mtupu haulambwi. Mkono mmoja haulei mwana. Kumuunga mtu mkono, kumpa mtu mkono wa pole, kula kwa jasho la mikono yako. Ubao ukajaa. Tulishangaa kwamba tulikuwa na mikono mingi namna ile bila kujua. Hapo ndipo alipotutuma mjini kuitafuta mikono ya Waingereza, na alitutuma kama polisi, kila mtu na eneo lake, na siku ya kurudisha ripoti.

Mmoja alitumwa stesheni ya reli. Akarudi na habari kwamba mishale ya saa, Waingereza huiita mikono. Saa yenyewe pale stesheni ilikuwa imesimama tangu tulipokuwa shule ya msingi. Mwalimu akaandika kwenye kadi kwamba mikono ya saa hubaki kuwa mikono hata saa ikifa. Mwingine, ambaye baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mpunga kule Dakawa, alikuta katika kitabu kwamba vibarua wa shamba nao huitwa mikono.

"Kwa nini mikono, Mwalimu?"

"Kwa sababu mwenye shamba anakodi mikono. Kichwa chako hakimhusu."

Yule kijana alikaa chini taratibu. Sikumsikia akicheka siku ile yote.

Mimi nilileta ya kuposa. Dada yangu alikuwa ameposwa mwezi huo, na nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwanamume wa Kiingereza humwendea baba wa msichana na kuomba mkono wake. Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Na huku kwetu wanaomba nini?" Nikamjibu, "Huku kwetu, Mwalimu, wanaomba mtu mzimamzima." Darasa likaanguka kwa kicheko, na yeye, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra kama mvua ya Septemba, alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Kisha akaniandikia kadi.

Kadi hizo alizikata kwa mkasi kutoka kwenye maboksi ya sigara aliyokuwa akiyaomba madukani. Kila kadi, matumizi ya namna moja. Juu sentensi ya Kiingereza, chini yake maelezo ya Kiswahili, na nyuma jina la mwanafunzi aliyeileta. Hakukuwa na zawadi nyingine katika somo lake zaidi ya hiyo, jina lako nyuma ya kipande cha boksi, na tuliigombania kama watu wanaogombania urithi. Alizitunza katika debe la mafuta ya kula lililokatwa juu. Alikuwa akilibeba debe hilo mwenyewe kutoka nyumbani mpaka shule na kurudi, na hakuruhusu mtu amsaidie.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mwendo wa pembeni mwa barabara hata kama barabara ni tupu. Mwavuli hakuuacha. Kila asubuhi, kabla ya kuingia ofisini, alisimama uwanjani akautazama Uluguru, na kama mlima umejifunika alisema, "Umevaa kofia," na jioni tulilowa sote isipokuwa yeye. Alimwamkia kila mama aliyemzidi umri hata kwa mwaka mmoja, na wale kina mama wa mlimani waliokuwa wakishuka alfajiri na mizigo ya ndizi kichwani aliwapisha njia, akasimama mpaka wapite wote. Walimu wenzake walimcheka. Yeye alisema anayepanda na kushuka mlima ule kila siku ana haki ya barabara kuliko mwenye baiskeli.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kinyongo. Aligombana na mwalimu mwenzake kuhusu matumizi ya neno moja dogo la Kiingereza, wakakaa miaka miwili bila kusemeshana, wakipitishiana chaki kupitia kwa mtu wa tatu. Kitabu chake hakumwazima mtu. Alikuwa na wanafunzi wake vipenzi na hakujificha. Na fimbo alikuwa nayo, ila aliitumia kwa namna iliyotuchanganya, maana ukikosea hakukugusa, ukinyamaza alikuchapa. "Kosa nitalisahihisha," alisema. "Kimya nikisahihisheje?" Nimechapwa kwa kunyamaza mara tatu. Ingefaa nichapwe zaidi.

Kitu kingine kilichowashangaza watu ni kwamba mtu huyu aliyekula na kamusi mezani, mpaka kurasa zake zikawa na alama za mchuzi, hakusema Kiingereza nje ya darasa. Hata neno moja. Wahadhiri wa chuo kikuu walikutana naye mjini, wakamsalimu kwa Kiingereza kama kumpima, naye akawajibu kwa Kiswahili, akauliza habari za watoto. Nilimuuliza mara moja sababu. "Kiingereza si hereni," akasema, "mtu akutane nayo sokoni." Nikaona ni jibu la ujanja. Baadaye sana, tulipokuwa tukifundisha pamoja, alinipa jibu jingine bila mimi kuuliza. Alikuwa akimenya chungwa, kwa utaratibu wake wa kutokata ganda.

"Nilipoanza kazi," alisema, "nilikuwa nawachapa watoto wa mlimani wakisema Kiluguru shuleni. Mimi, Mluguru. Nawachapa kwa Kiswahili kizuri kabisa."

Nilimwambia kila mtu alikuwa akifanya hivyo zamani.

"Ndiyo," akasema. "Na kila mtu alikuwa mimi."

Akamaliza kumenya, akalikata chungwa, akanipa nusu.

Kisha zikaja zile siku za ruksa, na mambo yakageuka upesi kuliko sisi tulivyoweza kugeuka. Vitu vilivyokuwa havionekani vikajaa madukani. Sabuni, khanga, redio za betri, vyote vipo, na sisi tukivitazama. Viwanda vya mji wetu, vilivyokuwa vikipiga ving'ora asubuhi mpaka mtu asihitaji saa, vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kimojawapo. Alirudi siku moja mchana na sanduku lake la vifaa, akaliweka uvunguni, na tangu siku hiyo nikawa ndiye ninayelisha nyumba. Serikalini nako wakaanza kupunguza watu. Mwalimu alipata barua yake kama wengine.

Alikuja nyumbani kwetu jioni hiyo, si kulalamika, bali kunisomea kadi mpya. Alikuwa amegundua kwamba mtu anayeondolewa kazini, Waingereza husema amepewa mkono wa dhahabu. "Sisi tunasema kiinua mgongo," akasema. "Wao wanakupa mkono, sisi tunakuinua mgongo. Mradi uondoke." Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona mikono ya shati la Mwalimu imechakaa mpaka nyuzi zinaning'inia.

Mitumba aliikataa mwaka mzima. Alisema hawezi kuvaa jasho la mtu asiyemjua. Hatimaye mashati yakamwishia, akanunua koti la kijivu lenye mikono mirefu iliyomfika vidoleni. Tulikutana sokoni, akaninyooshea ile mikono mirefu. "Unajua hii wanaiitaje?" akauliza. "Wanaiita mkono wa pili. Wa kwanza hata sikuuona." Kadi yake ilikuwa tayari imeandikwa, iko mfukoni mwa lile koti, na ilikuwa kadi ya kwanza ambayo nyuma yake hapakuwa na jina la mwanafunzi, kwa sababu hakuwa na wanafunzi tena.

Na hapo ndipo mimi nilipomfanyia wema ulioharibu maisha yake na yangu. Nilimtafutia kazi.

Wakati huo shule za binafsi za msingi zilikuwa zinafunguliwa, zile za Kiingereza tangu chekechea. Niliyofundisha mimi ilikuwa nyuma ya Msamvu. Mwenyewe, tuliyemwita Mkurugenzi, alikuwa mfanyabiashara wa marobota ya nguo, mtu mchangamfu, mkarimu kwa wafanyakazi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha na alijua. Nadhani ndiyo sababu alikiogopa kiasi kile. Nilimpeleka Mwalimu kwake. Wakazungumza dakika kumi. Mkurugenzi akanivuta pembeni, macho yanang'aa: "Mwalimu, huyu mzee anaongea kama redio! Umemtoa wapi?" Nilijisikia nimeleta harusi nyumbani.

Shule ile ilikuwa na kibao. Wenye umri wangu wanakijua. Kipande cha mbao ukubwa wa kiganja, kimetobolewa, kimetiwa kamba, kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba aliyekivaa amesema Kiswahili. Mtoto akisikika anasema Kiswahili anavishwa shingoni, na atakaa nacho mpaka amsikie mwingine akisema Kiswahili, amvishe yeye. Atakayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa na kufagia choo. Watoto walikuwa wakiviziana kutwa nzima. Daftari la kibao nilikuwa nalo mimi, nikiwa mwalimu wa nidhamu. Niliandika majina kwa kalamu ya bluu, kila siku jina moja, na sikuona ubaya wowote. Nataka hilo lieleweke. Sikuona ubaya.

Katika darasa la tatu palikuwa na binti wa mama mmoja mwenye genge la ndizi sokoni. Mama yule hakujua kusoma. Alikuwa akija na vikapu vyake mpaka ofisini kwetu kuuliza, "Mwanangu ameshaanza kusema?" maana binti hakusema. Miezi sita hakutoa neno darasani. Kiingereza hakukijua na Kiswahili alikiogopa kwa ajili ya kibao, basi akachagua kunyamaza. Walimu tulikuwa tumeshamwandika kwamba ni mzito.

Mwalimu, ambaye zamani angemchapa kwa kimya kile, hakumgusa. Alimtazama wiki kadhaa. Halafu asubuhi moja akaingia darasani na mkungu wa ndizi begani, utomvu unalidondokea lile koti la kijivu. Nilikuwa zamu siku hiyo, nimesimama kibarazani, nikaona yote kupitia dirishani. Aliuweka mkungu mezani, akatoa kisu, akakata kichane cha kwanza, akakiinua juu, akawaambia kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka, kwamba hiki nacho ni "hand". Watoto wakacheka. Akawaonyesha vidole vyake, akawaonyesha ndizi moja moja, kwamba hivi ndivyo vidole vya kichane. Wakacheka tena, wakaanza kuhesabu. Na yule binti akasimama.

"Hicho kichane!" alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Mama akikata anaanza cha juu, ndicho kinono! Cha chini hakina bei!"

Sijawahi kuona uso wa mtu kama uso wa Mwalimu ulivyokuwa dakika ile. Ulidumu dakika hiyo tu. Kiranja alishainuka, amekichukua kibao kutoka shingoni kwa mtoto mwingine, anakuja nacho. Akamvisha. Binti akakaa. Mwalimu akanitazama dirishani, mimi mwenye zamu, mimi mwenye daftari, na nikageuza uso nikautazama mlima.

Mapumziko yalipofika binti alisimama peke yake ukutani na kibao chake. Mwalimu akamwendea, watoto wote wakiona, akamwambia kwa Kiswahili cha kusikika mpaka barabarani: "Umesema kweli, mwanangu. Cha juu ndicho kinono. Mama yako anaijua kazi yake." Kisha akanigeukia. "Mwalimu wa zamu, nimesema Kiswahili. Kanuni inasemaje?"

Ningeweza kusema mengi. Nilimjibu kwa Kiingereza, kwa kuogopa kibao, kwamba kinahamia kwake. Akachuchumaa mbele ya yule mtoto, akainamisha kichwa, na mtoto akamvisha.

Alifundisha vipindi viwili na kibao shingoni, kwa Kiingereza kilichonyooka. Mchana Mkurugenzi akaja na wageni, wazazi waliotaka kuandikisha watoto, wawili walikuwa wamesafiri kutoka Ngerengere. Wakamkuta mzee mwenye koti la utomvu getini, kibao kifuani. Mkurugenzi akamsogelea, akacheka cheko la aibu, akamnong'oneza, "Mzee wangu, tafadhali, kivue hicho kitu, wageni hawa." Alisema kwa Kiswahili. Sote tuliokuwa karibu tulimsikia.

Mwalimu akakivua. Akakishika kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamnyooshea Mkurugenzi.

Kuna mzazi mmoja alicheka. Nadhani bila kile kicheko mambo yangeweza kutengenezeka.

Kesho yake niliitwa ofisini. Kamati ya shule ilitaka ushahidi wa maandishi, kwa Kiingereza, wa mtu aliyekuwepo. Mkurugenzi hakunitisha. Alikuwa na huzuni, nasema kweli. "Mimi nauza Kiingereza hapa, mwalimu," alisema. "Mzazi akija anataka kukisikia kinatoka mdomoni mwa mwanawe. Hataki ndizi. Andika tu ulichokiona." Akanipa karatasi, akatoka ili nisione haya.

Nilichokiona ningeweza kukisimulia kwa Kiswahili mpaka jioni. Kwamba mtoto aliyekuwa bubu miezi sita alisema. Kwamba somo lilikuwa la Kiingereza, bora kuliko yote niliyowahi kuyaona katika shule ile. Kwamba mtu mzima alijitwisha adhabu ya mtoto. Lakini ilitakiwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nimejiambia hivyo miaka yote hii. Nyumbani kulikuwa na mume asiye na kazi na watoto wawili, nami nikaandika sentensi nne. Kwamba yeye, nikaliandika jina lake lote, alizungumza Kiswahili na mwanafunzi. Kwamba alivaa kibao mbele ya wanafunzi. Kwamba alimpa Mkurugenzi kibao mbele ya wageni. Kwamba mimi nilikuwepo. Nikaweka sahihi.

Kamati ilimsimamisha siku hiyohiyo. Sababu iliyoandikwa ni kwamba hana uwezo wa kufundisha kwa Kiingereza. Barua yangu ilibandikwa nyuma ya uamuzi huo, nakala zikatembea, na shule nyingine za namna ile zilizokuwa zikifunguliwa mjini zote zikamkataa, zikimwambia kwa upole kwamba zinatafuta mtu anayejua lugha. Hakusimama tena mbele ya ubao. Yule binti alimaliza muhula bila kusema neno, Kiingereza wala Kiswahili, na mwaka uliofuata hakurudi. Mama yake aliacha kuja na vikapu vyake. Nilikuwa nikizunguka upande wa pili wa soko ili nisipite gengeni kwake.

Mimi nilibaki. Nikapanda cheo. Watoto waliopita kwangu wanasema Kiingereza haraka, kama maji ya bomba, na ukiwauliza maana ya walichosema wanakutazama. Wazazi wanafurahi. Mwanangu mwenyewe ni mmojawapo, na siku aliponiuliza kichane ni nini, nilikaa jikoni nikalia, naye akadhani ni moshi.

Ilinichukua miaka tisa kumfuata. Alikuwa amehamia Kinole, juu huko, kwenye shamba la dada yake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama na hapo ndipo pekee palipokuwa pake. Nilipanda gari la mizigo ya matunda, nikateremka, nikapanda kwa miguu saa nzima. Nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, anageuza pilipili manga iliyoanikwa juu ya jamvi. Alikuwa amekonda. Hakuwa na miwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nikajitaja. Akasogeza kigoda kingine kwa mguu. "Karibu. Njia ikoje?"

Nikamwambia njia ni mbaya. Tukaongea habari za mvua. Dada yake akaniletea chai, akanishukuru kwa kumkumbuka mzee, nikaona haya mpaka chai ikanishinda. Nikamuuliza kuhusu kadi. Akasema mchwa walizimaliza msimu wa kwanza tu alipofika, na akasema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema mahindi hayakuzaa. Dada alipoondoka nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Mwalimu, ile barua," nikasema. "Nilitaka kuandika zaidi. Nilitaka kueleza yote. Wallahi Kiingereza kilinishinda. Hukunifundisha maneno ya kusema mambo kama yale."

Aliendelea kuzigeuza punje kwa kiganja, upande huu na upande ule.

"Walinipa niisome," akasema. "Nikaomba kalamu, wakadhani nataka kusaini. Nilikuwa nimezoea kusahihisha. Nikaisoma mara ya kwanza, nikaisoma ya pili, natafuta kosa. Nikajiambia, nikipata moja tu, hata la nukta, basi mwanafunzi wangu aliandika huku anatetemeka."

Akaokota jiwe dogo katikati ya punje, akalitupa.

"Sikulipata."